Nililaumu godoro, nikamlaumu na mume wangu, kumbe ni chaga

Mwezi wa nne mwaka jana mume wangu alihama chumbani. Hakugomba wala hakubeba nguo. Jumamosi moja alirudi kutoka machimboni, akaoga, akala ugali wake na sato, akaenda kuwatazama watoto waliokuwa wamelala, kisha akachukua mkeka na shuka la zamani akatandika sebuleni, kati ya kochi na meza ya televisheni. Nilipomuuliza kulikoni, alijibu bila kunitazama usoni: "Mgongo, mama pacha. Chini kuna nafuu."

Usiku wa kwanza niliamini. Usiku wa pili nikaamini nusu. Ilipofika wiki ya tatu sikuamini tena.

Mpenzi msomaji, mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Chato. Mume wangu ni mchimbaji mdogo. Siku za kazi anakuwa huko upande wa Nyarugusu, mwisho wa wiki anarudi nyumbani kwa mke na watoto wetu pacha. Sisi wanawake tulioolewa na wachimbaji tunayajua maneno yanayosemwa kuhusu machimbo: kwamba pesa ya dhahabu ikipatikana usiku, asubuhi imekwisha, na kwamba mwanaume wa machimboni ana nyumba mbili. Sasa mwanaume wa namna hiyo, anayekaa siku tano mbali na mkewe, akirudi anaenda kulala kwenye mkeka, mke wake afikirie nini? Ningekuwa mwongo nikikuambia kwamba nilifikiria chaga.

Nilimdokeza mwalimu mwenzangu wakati wa chai. Akaweka kikombe chini, akaniambia, "Mwanaume hahami kitanda bure." Maneno manne tu, lakini nilitembea nayo wiki nzima. Jumapili moja mume wangu akiwa bafuni, nikafanya jambo ambalo tangu tuoane sikuwahi kulifanya. Nilichukua simu yake nikasoma ujumbe mmoja mmoja. Sikukuta mwanamke. Nilikuta habari za mifuko ya mawe, deni la mafuta ya pampu ya kutoa maji kwenye duara, na mtu anayemdai akitumia lugha kali. Niliirudisha simu mahali pake nikiwa na aibu, lakini si aibu ya kunifanya niulize hayo madeni ni ya nini. Nilikuwa natafuta jambo moja, na kwa kuwa sikulipata, nikaona sijapata kitu.

Tena hata mimi niliyebaki kitandani sikuwa nalala. Niliamka saa kumi alfajiri na maumivu ya kiuno, shingo imekakamaa, kama mtu aliyebeba ndoo za maji toka ziwani. Darasani nikawa mkali kupita kiasi. Siku moja nilimfokea mtoto wa darasa la tatu kwa sababu aliangusha kalamu. Yule mtoto alinitazama kwa mshangao, na mimi nikajishangaa. Usingizi ukikukimbia mwezi mzima, watu wanaokuzunguka ndio wanaolipa.

Kwa hiyo nikaamua kwamba tatizo ni godoro. Lile la zamani lilikuwa la inchi sita, na katikati limebonyea kiasi kwamba ukiweka chungwa pembeni linabingirika hadi katikati. Nikakopa kwenye kikoba chetu cha walimu shilingi 280,000 nikanunua godoro jipya la inchi nane, lile gumu ambalo muuzaji analipiga kofi kuonyesha halibonyei. La zamani nikawapa watoto. Mume wangu aliporudi nikamwambia nimelipa kwa malimbikizo ya mshahara. Huo ulikuwa uongo. Nilitaka aone nimemfanyia jambo, arudi chumbani.

Alirudi. Alilala siku mbili. Ya tatu akachukua mkeka wake.

Nililia kimyakimya usiku ule. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba baada ya wiki mbili godoro jipya nalo likawa na bonde palepale, katikati, usawa wa kiuno. Nikawaza kumrudia muuzaji nikamwambie ameniuzia godoro bandia. Nilishaandaa hata maneno.

Naomba nirudi nyuma kidogo nikueleze habari za kitanda chenyewe, maana hapo ndipo penye kiini cha jambo.

Tulikinunua mwaka 2016, wiki mbili kabla ya ndoa. Duara alilokuwa na hisa lilikuwa limetoa kwa mara ya kwanza, na mgao wake wa kwanza wa maana aliugawa sehemu tatu: kumalizia mahari, suti, na kitanda. Tulikwenda Katoro, ambako watu wa ukanda huu huenda wakitaka kununua karibu kila kitu. Kilikuwa tano kwa sita, ubao wa kichwani umewekwa sponji na kufunikwa kitambaa chekundu chenye vifungo vinavyong'aa. Mume wangu alipita mkono juu ya vile vifungo kama mtu anayempapasa ng'ombe aliyemnunua yeye mwenyewe. Hakuomba hata apunguziwe bei sana. Muuzaji akafurahi, akatufungia chaga sita kwa kamba ya manila kama mzigo wa kuni, akasema, "Hizi nawapa, wala hazina bei."

Tulimshukuru. Leo nikiyakumbuka maneno yale naona yule bwana alituambia ukweli wote. Hazikuwa na bei. Zilikuwa mabanzi, yale mabaki ya ubavuni mwa gogo, nyembamba, upande mmoja bado zina gome. Nyumbani tulizipanga, tukatupia godoro juu, tukatandika shuka jipya. Kuanzia siku ile hadi mwaka jana, hakuna aliyezitazama tena. Nilifua mashuka, nilifuta vumbi kwenye vifungo vile, nilianika godoro mara mojamoja nikiliburuta na kulirudisha haraka. Chaga sikuzitazama, kwa sababu nani hutazama chaga?

Waliozitazama ni watoto. Jumamosi moja ya mwezi wa sita pacha wetu, wakati huo wana miaka sita, walikuwa wanacheza mpira wa soksi sebuleni, ukaingia chumbani chini ya kitanda. Mmoja akaufuata kwa tumbo. Nikamsikia kutoka huko chini, sauti imejaa mshangao: "Mama! Huku kuna tofali limevaa shati."

Nikapiga magoti na tochi ya simu. Kweli. Chini ya kitanda changu, usawa wa kiuno, upande anaolala mume wangu, kulikuwa na matofali mawili ya kuchoma, moja juu ya jingine, yameviringishwa shati lake la kazini ili yasikwaruze sakafu wala kutoa sauti. Juu yake yalishikilia chaga iliyokatika. Nililiinua godoro peke yangu nikaliegemeza ukutani. Chaga ya tatu kutoka kichwani ilikuwa imevunjika kwenye jicho la mbao. Ya nne ilikuwa na ufa wa urefu mzima. Ya tano imeteleza, upande mmoja unaning'inia. Nikachukua rula yangu ya darasani nikapima nafasi kati ya chaga na chaga: karibu inchi kumi. Godoro la laki mbili na themanini lilikuwa limelala juu ya hewa.

Mume wangu alikuwa ameenda kunyoa. Aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni, tofali moja mapajani.

"Baba pacha, tofali hili la lini?"

Akasimama mlangoni muda mrefu. "La mwezi wa tatu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Kwamba kitanda nilichokuolea kimevunjika, na hela ya kununua kingine sina?"

Ndipo akakaa chini, na mambo yakatoka. Duara lao lilikuwa halijatoa kitu tangu Januari. Maji yalikuwa yameingia, pampu ilikuwa ya kukodi, mafuta ya mkopo. Siku chaga ilipokatika alikuwa peke yake nyumbani, akaona aibu kana kwamba ameiba. Akaweka tofali. Kisha akapiga hesabu yake: yeye ana kilo karibu tisini, akiendelea kulala pale chaga zilizobaki nazo zitakatika, na mimi nitaanguka nazo usiku. Akiondoka yeye, kitanda kitanibeba mimi hadi atakapopata hela. Mgongo ulikuwa unamuuma kweli, kwa kuinama shimoni na kubeba viroba vya mawe, kwa hiyo hakuona kama anadanganya. "Nilitaka angalau wewe ulale," akasema.

Na mimi nikatoa la kwangu. Nikamwambia kuhusu kikoba, kwamba malimbikizo hayakuwepo, na kwamba nadaiwa hadi Desemba. Akanitazama, akalitazama godoro, akalitazama tofali. "Kwa hiyo ulikopa laki mbili na themanini ukaziweka juu ya tofali langu."

Tulicheka hadi watoto wakaja kuona kuna nini. Baadaye nikalia, lakini kilikuwa kilio cha namna nyingine. Lile la simu nilimwambia usiku, taa ikiwa imezimwa. Alikaa kimya sana, kisha akasema, "Ungesoma vizuri, ungeliona deni." Alikuwa sahihi.

Jumatatu yake nikaenda kwa fundi seremala, mzee mmoja ninayemjua kwa sababu nimewafundisha wajukuu zake. Nilimwamkia, akaitikia, akaendelea kupiga randa huku nikimweleza. Nilipofika kwenye tofali lililovaa shati akaacha randa, akacheka hadi akakohoa. Kisha akasema neno ambalo sitalisahau: "Mwalimu, watu wananiletea picha za kichwa cha kitanda kwenye simu. Miaka yote hii hajaja hata mmoja na picha ya chaga."

Nilikaa pale kiwandani kwake nusu siku, na aliyonifundisha ndiyo nataka nikuachie leo, msomaji wangu, pamoja na machache niliyojisomea baadaye.

La kwanza, kazi ya chaga si kuzuia godoro lisianguke chini. Kazi yake ni kuligawia godoro uzito wako sawasawa. Godoro la sponji, hata liwe gumu namna gani, likikuta nafasi wazi linaingia humo kidogo kidogo kila usiku. Kiuno na makalio ndiyo mazito kuliko sehemu nyingine, basi hapo ndipo linapoanzia kushuka. Mgongo nao unafuata godoro, unalala umepinda kama chandarua kilicholegea kamba. Watengenezaji wengi wa magodoro hushauri nafasi kati ya chaga na chaga isizidi inchi tatu hivi. Fundi wangu anapenda mbili. Kipimo chake ni ngumi: ukiilaza ngumi ya mtu mzima ikapita kwa raha kati ya chaga mbili, nafasi ni kubwa mno.

Hesabu yake ni nyepesi, hata darasa la tatu wataiweza. Kitanda cha futi sita kina urefu wa inchi 72. Chaga 12 zenye upana wa inchi nne zinachukua inchi 48. Zinabaki 24: nafasi 11 za inchi mbili kati ya chaga na chaga, na inchi moja kila mwisho. Basi. Ukinunua kitanda cha futi sita ukapewa chaga sita, ujue umepewa nusu ya kitanda.

La pili ni unene. Hapa nilimshangaza fundi kidogo, kwa sababu nilijua jambo la kitabuni ambalo yeye analijua kwa mikono. Ubao wa nusu inchi haupindi mara mbili tu zaidi ya ubao wa inchi moja wa mti uleule. Unapinda mara nane. Jaribu na rula: iweke juu ya vitabu viwili ikiwa imelala, ibonyeze katikati, kisha isimamishe kwa ubavu uibonyeze tena. Ndiyo maana banzi jembamba linakudanganya. Ukiligusa kwa mkono dukani unaona ni mbao, ukililalia usiku linakuwa utepe. Chagua chaga ya inchi moja, na kama itapigwa randa isipungue sana hapo.

La tatu ni mbao yenyewe. Huku kwetu chaga nyingi ni za paina, na mbao hiyo si haba, kwa kuwa Kanda ya Ziwa ina mashamba ya miti ya Serikali kama Buhindi. Paina inatosha kwa chaga, ilimradi iwe kavu na isiwe na jicho kubwa katikati, maana mbao hukatikia kwenye jicho. Chaga yetu ya tatu ilikuwa shahidi. Mlingoti una nguvu kuliko paina, lakini ukiukata mbichi hujipinda na kupasuka unapokauka. Mninga ni bora na wadudu hawaupendi, ila bei yake iache kwa wenye nazo. Mbao kavu utaijua kwa wepesi na mlio: igonge kwa kidole, ikilia kwa sauti kavu chukua, ikinyamaza kama kiazi, iache. Ichungulie pia kwa urefu, jicho moja likiwa limefumbwa, uone kama imenyooka. Na ukiona matundu madogo yenye unga mweupe kama poda, hiyo tayari ina wapangaji.

La nne, na ndilo wengi hatulijui, ni mhimili wa katikati. Kitanda cha tano kwa sita au sita kwa sita kisiachwe chaga zikishikiliwa pembeni tu. Fundi aliniwekea mbao ya mbili kwa nne kutoka kichwani hadi miguuni, imesimama kwa ubavu, ina miguu miwili inayogusa sakafu. Chaga ikishikwa katikati, ule urefu unaobeba uzito unakuwa nusu, na kupinda kunapungua sana. Kama una kitanda kizima ambacho hutaki kukibadilisha, ongeza hicho tu kwanza.

La tano, chaga zifungwe. Zetu zilikuwa zimewekwa tu juu ya ukingo usiofika hata inchi moja, zikawa zinateleza kila mtu anapogeuka. Fundi alivipasua vipande vilivyobaki akaviongeza pembeni kama ngazi pana, kisha kila chaga akaifunga kwa skrubu, siyo msumari. Msumari hulegea na kuanza kulia usiku. Skrubu unaweza kuikaza, na siku ya kuhama unaifungua.

La sita, pigisha randa na msasa pande zote, hata kama hakuna atakayeona. Gome na nyufa ndiyo nyumba ya kunguni. Nyumba nyingi hupuliza dawa kwenye godoro, kumbe mji mkuu wao uko kwenye ncha za chaga.

Wapo wanaosema, basi si uweke ubao mzima, plaiwudi, uachane na habari za nafasi? Sisi tunaoishi karibu na ziwa tunajua unyevu ulivyo. Mtu hutoka jasho usiku, jasho linashuka ndani ya godoro, lisipopata pa kutokea chini linaota ukungu. Ukilazimika kutumia plaiwudi, itoboe matundu mengi, na anika godoro mara kwa mara. Nafasi kati ya chaga ndiyo pua ya godoro. Kitanda cha chuma nacho hakina kinga: bomba zake zikiwa mbali mbali ni yaleyale. Na ukinunua kitanda cha kutoka nje chenye chaga nyembamba zilizopinda kidogo kama upinde, ujue zimekusudiwa hivyo zidunde. Tumbo la upinde liangalie juu.

Gharama yangu? Mbao sita za moja kwa nne, za futi kumi na mbili, kila moja inatoa chaga mbili za futi tano: shilingi 30,000. Mbao moja ya mbili kwa nne: 9,000. Skrubu na msasa: 6,000. Ufundi: 20,000. Jumla 65,000. Nilipoiandika namba hiyo pembeni ya 280,000 sikuhitaji mtu wa kunihubiria.

Sitaki nikudanganye kwamba chaga zilimponya mume wangu. Alirudi chumbani usiku uleule fundi alipomaliza, na baada ya wiki tatu alikuwa anaamka bila kushika ukuta. Lakini mgongo wa mchimbaji haujaharibiwa na kitanda peke yake. Nilimsindikiza hospitali, mtaalamu wa mazoezi ya viungo akampima, akampa mazoezi ya kufanya asubuhi na jioni, na akamfundisha kuinua kiroba kwa kuchuchumaa, siyo kwa kuinama. Akatuambia pia tuachane na imani ya kwamba mgongo ukiuma dawa ni kulala sakafuni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 katika jarida la kitabibu la Lancet, uliofanywa Hispania kwa watu 313 wenye maumivu sugu ya kiuno, ulionyesha kwamba waliopewa godoro la ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi kuliko waliopewa lile gumu sana. Mgongo unataka kushikwa, hautaki kupigwa.

Na kama maumivu ya mgongo yanaambatana na ganzi miguuni, miguu kukosa nguvu, au kushindwa kuzuia haja, usihangaike na chaga wala godoro. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Deni la kikoba nilimaliza Desemba, kama nilivyoahidi. Tulilipa wawili, yeye akiongeza alichopata. Duara lenyewe waliliacha, wakahamia jingine ambalo linatoa kidogo kidogo. Siku hizi mwezi ukiwa mbaya ananiambia ukiwa bado mbaya, siyo baada ya kuweka tofali.

Nilipokuwa mdogo, kijijini kwa bibi upande wa Shinyanga, tulilala kwenye kitanda cha kamba. Kamba zikilegea, bibi alituita wajukuu wote, "Shukeni tukaze," na hakuna aliyebaki juu, hata aliyekuwa na usingizi. Mmoja anavuta huku, mwingine kule, bibi anafunga. Nilipokuja kusoma chuo nilikutana na mwenzangu wa Pwani, akaniambia kwao kitanda kile kina jina kabisa: teremka tukaze. Nilicheka. Sasa silichukulii tena kama kichekesho. Kitanda cha bibi kililegea mbele ya macho yetu, kwa hiyo tulishuka tukakikaza. Chetu kililegea chini ya godoro zuri na shuka lililopigwa pasi, kila mmoja akahangaika nacho kivyake, mmoja na tofali, mwingine na mkopo.

Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mume wangu akiwepo, tunaliinua godoro. Tunaligeuza, la kichwani liende miguuni. Yeye anapitisha bisibisi kwenye skrubu, mimi nafuta vumbi, pacha wanashika tochi na kugombania nani amulike. Haichukui hata robo saa. Wewe unayesoma hapa, leo kabla hujatandika, inua godoro lako ukatazame. Mwite na mwenzako mtazame pamoja.

Vile vifungo vyekundu vya kichwani vimeshaanza kung'oka, na sioni haraka ya kuvirudishia. Tofali moja tulimpa jirani aliyekuwa anajenga jiko. Jingine nimebaki nalo. Linazuia mlango wa jikoni usibamizwe na upepo wa ziwa, na shati lake nilishalivua, nikalifua, nikalirudisha kwa mwenyewe.